Kumchoma paka insulini: saa moja asubuhi, saa moja jioni

Yuniti moja ya insulini ni tone dogo sana. Likidondoka mezani inabidi uiname ndipo ulione. Dawa anayotumia paka wangu, ambaye ana kisukari, ina yuniti 40 katika kila mililita, kwa hiyo yuniti moja ni mililita 0.025. Naanza na tone hilo kwa sababu kila anayesikia kwamba namchoma paka sindano mara mbili kwa siku huniuliza swali lilelile: "Hakuparuri?" Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza napimaje. Nami mwanzoni nilikuwa hivyohivyo. Niliogopa sindano, nikaogopa makucha, nikajizoeza kushika ngozi hadi mikono ikaacha kutetemeka, na siku zote hizo nilikuwa napima dawa vibaya. Wiki mbili nzima.

Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kupima. Kuchoma kwenyewe utakuzoea ndani ya siku chache, hata kama leo unaona haiwezekani.

Paka wangu anaitwa Shaba, na ukimwona utajua jina limetoka wapi. Ni dume aliyehasiwa, na kabla ya ugonjwa alikuwa na kilo 6.9 tulizokuwa tukimsifia. Alipofika miaka kumi akaanza kukonda huku anakula kuliko zamani. Bakuli la maji lilikuwa likikauka kabla ya jioni, na kwenye trei ya mchanga nikawa nachota mabonge makubwa kama ngumi. Nilijiambia ni uzee. Kilichonipeleka kwa daktari ni miguu ya nyuma: aliacha kukanyaga kwa vidole kama paka, akawa anashuka hadi kwenye visigino, matako chini, kama anayetafuta mahali pa kukaa. Daktari alimwangalia akivuka chumba mara moja tu. "Hii ni neva, mwanangu," akaniambia. "Sukari imekaa juu muda mrefu."

Alimpima damu, ikasoma milimoli 24 kwa lita. Paka asiye mgonjwa huwa kati ya 4 na 7 hivi. Lakini paka akiogopa sukari yake hupanda, na hakuna paka asiyeogopa akiwa juu ya meza ya daktari, kwa hiyo hakuamua kwa namba hiyo peke yake. Alipima mkojo, akakuta sukari. Akapima pia fruktosamini, ambayo huonyesha hali ya sukari kwa wiki mbili hivi zilizopita na haidanganywi na hofu ya dakika tano. Nakueleza haya ili usianze sindano kwa sababu ya namba moja iliyosomwa siku ambayo paka alikuwa na hofu.

Kisukari cha paka wengi kinafanana na kile cha watu wazima: kongosho bado linatoa insulini kidogo, ila mwili hauitikii vizuri. Unene huchangia, umri huchangia, madume waliohasiwa wako kwenye hatari zaidi, na dawa za jamii ya steroidi zinaweza kukianzisha. Kuna pia vidonge na dawa za maji za kumeza zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2022 na 2023 kwa baadhi ya paka ambao hawajawahi kutumia insulini. Daktari wa Shaba alichagua sindano, na sikumbishia.

Bomba lazima lifanane na dawa

Nguvu ya insulini huandikwa kwenye kichupa: U-40 au U-100. U-40 ina yuniti 40 kwa mililita, U-100 ina yuniti 100. Mabomba ya sindano nayo yametengenezwa kwa nguvu moja au nyingine, na mistari yake imechorwa kwa nguvu hiyo tu. Dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama mara nyingi ni za 40. Za watu kwa kawaida ni za 100, na baadhi yake hutumika kwa paka pia, hasa glargini. (Insulini ya paka inatofautiana na ya binadamu kwa amino asidi nne, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, na ya ng'ombe kwa moja tu. Ndiyo maana insulini ya kiumbe mwingine inaweza kumfaa.)

Mimi nilipewa dawa ya 40. Nilipokwenda kununua mabomba, muuzaji alinipa ya 100 kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo, nami nikaona sindano ni sindano. Daktari alikuwa ameandika yuniti moja asubuhi na moja jioni. Nikawa navuta hadi kwenye mstari wa 1, kwa makini sana, nikishikilia bomba mbele ya taa. Lakini mstari wa 1 kwenye bomba la 100 ni mililita 0.01. Kwa dawa ya 40 hiyo ni yuniti 0.4. Shaba alikuwa akipata chini ya nusu ya dozi yake. Akaendelea kunywa maji, akaendelea kukonda, na mimi nikaendelea kuamini kwamba dawa haimfai.

Baada ya wiki mbili daktari hakubadilisha dozi. Aliniambia nilete kila kitu, kichupa, mabomba, hata kitambaa ninachomlaza, kisha nimwonyeshe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilipolitoa bomba akanyanyua mkono: "Ngoja hapo." Sikuwa hata nimefungua kichupa.

Kosa langu lilikuwa la upande wenye nafuu, na hilo ndilo linaloninyima raha hadi leo nikilifikiria. Ukigeuza, uwe na dawa ya 100 ndani ya bomba la 40, mstari wa 1 unabeba yuniti mbili na nusu. Paka mdogo anayepewa mara mbili na nusu ya dozi yake anaweza kuanguka kifafa siku hiyohiyo, na anaweza kufa. Mara nyingi kifuniko cha sindano ya 40 ni chekundu na cha 100 ni cha rangi ya machungwa, lakini usitegemee rangi. Soma maandishi kwenye bomba, soma maandishi kwenye kichupa, yafanane. Fanya hivyo kila unapofungua pakiti mpya, maana anaweza kuzinunua mtu mwingine nyumbani. Na kama huna uhakika, mwombe daktari akutazame ukivuta dawa kabla hujaondoka na dozi ya kwanza. Dakika tano za aibu si kitu.

Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua bomba dogo, la mililita 0.3, lenye alama za nusu yuniti. Mistari yake imeachana na macho hayabishani nayo. Sindano iwe nyembamba, namba 29 hadi 31 (namba ikizidi kuwa kubwa, sindano ni nyembamba zaidi), urefu wa milimita 8 kwa paka wengi. Paka mwenye manyoya marefu au mafuta mengi anaweza kuhitaji ndefu kidogo.

Kuvuta dawa

Kichupa kinakaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Kisiwe karibu na sehemu inayogandisha, kwa sababu insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana salama. Chetu kipo kwenye kikopo cha plastiki katikati ya friji ili kisibiringike kila mlango unapofunguliwa. Siku ya kukifungua naandika tarehe kwa kalamu kwenye lebo, kwa sababu kila dawa ina muda wake baada ya kufunguliwa, na karatasi yake inautaja.

Dawa ya Shaba ina protamini na zinki, vitu vinavyoifanya insulini ifyonzwe polepole. Ni nyeupe kama maji yaliyotiwa maziwa kidogo, na ikikaa sehemu nyeupe hutuama chini. Ukivuta bila kuichanganya, leo unavuta maji, kesho unavuta dawa nzito. Nakibiringisha kichupa kati ya viganja taratibu hadi rangi iwe moja toka juu hadi chini. Sikitikisi. Lakini ipo insulini nyingine ya paka ambayo maelekezo yake yanasema itikiswe, na glargini haihitaji kuchanganywa kabisa: ni angavu, na ikiwa na ukungu ujue imekwisha kazi. Kwa hiyo usichukue mkono wangu kama sheria. Soma karatasi ya dawa yako.

Kile kijiti cha kusukumia ndani ya bomba nakiita mchi, kwa sababu kinapanda na kushuka kama mchi kwenye kinu. Nachoma mpira wa kichupa kikiwa wima, nakigeuza chini juu, navuta mchi polepole kupita kidogo dozi yangu, halafu naangalia mapovu. Nalipiga bomba kwa ukucha mpaka mapovu yapande juu, nayarudisha kichupani, kisha natua kwenye mstari. Nilidhani tunaondoa mapovu kwa sababu hewa ni hatari. Chini ya ngozi povu dogo halina madhara. Tatizo ni kwamba linakalia nafasi ya dawa. Kumbuka lile tone: kwenye dozi ya mililita 0.025, povu la ukubwa wa kichwa cha pini limekula sehemu kubwa ya dozi.

Utasoma mstari kwa ukingo wa juu wa mpira mweusi, ule unaogusana na dawa. Siyo ukingo wa chini, siyo kilele katikati kama mpira una mchongoko. Na usome macho yakiwa usawa wa bomba. Mdogo wangu alinisaidia kwa wiki za kwanza kwa njia moja: nilivuta, nikampa asome bila mimi kutaja namba, naye akasema anachokiona. Siku tulizotofautiana tulimwaga tukaanza upya.

Bomba moja, mchomo mmoja. Ncha hubutuka baada ya kupita kwenye mpira na ngozi mara moja, na ncha butu ndiyo humfundisha paka kukimbia. Mabomba yaliyotumika nayatia kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kufunga kwa kuzungusha, imeandikwa SINDANO kwa herufi kubwa, na ikijaa naipeleka kwa daktari. Usiyatupe kwenye pipa la taka yakiwa wazi. Kuna mtu atakayeshika mfuko ule.

Kuchoma

Kabla ya Shaba nilichoma chungwa. Ganda lake lina ukinzani kidogo, kisha sindano inapita ghafla, na mkono unajifunza kutosukuma zaidi ya hapo. Halafu daktari alinipa maji ya chumvi ya hospitali nikamchoma Shaba mbele yake mara tatu. Omba hilo. Ukimchoma paka wako kwa mara ya kwanza kitu kisichoweza kumdhuru, nusu ya hofu inabaki pale kliniki.

Nyumbani mambo huenda hivi. Saa moja asubuhi natoa dawa kwenye friji na kuivuta kabla sijagusa bakuli la chakula. Akisikia bakuli tayari yuko miguuni, na sitaki kupima dawa huku nasukumwa. Bomba lenye kifuniko naliweka mezani. Naweka chakula. Nasubiri. Nataka kumwona akila kweli, siyo kunusa. Akishainamisha kichwa na kutafuna, napiga magoti upande wake wa kulia au wa kushoto, kutegemea zamu ya siku.

Watu wengi huambiwa wachome kwenye ukosi, pale paka mama anapombebea mtoto. Ni rahisi kushika, lakini damu hapo ni chache na dawa hufyonzwa bila mpangilio, hasa ukirudia mahali hapohapo kila siku. Mimi hutumia ubavu: nyuma ya bega, katikati ya mbavu, na karibu na paja, pande zote mbili. Asubuhi kulia, jioni kushoto, na kila siku nasogea upana wa vidole viwili. Ukichoma sehemu moja mfululizo ngozi inakuwa ngumu, ina uvimbe mdogo chini, na dawa inayoingia hapo haijulikani itatoka lini.

Kwa mkono wa kushoto nabana ngozi kwa kidole gumba na cha kati, naiinua juu, kisha kwa kidole cha shahada nabonyeza kidogo mbele yake. Ngozi inafanya kama mlango wa hema. Sindano inaingia kwenye mlango huo, chini ya kidole cha shahada, ikielekea ndani ya hema sambamba na mwili, imelala kidogo. Upande wa ncha uliochongwa uangalie juu. Ingiza kwa mwendo mmoja wa haraka. Kusitasita ndiko kunakouma: sindano inayosukumwa polepole inaburuta ngozi kabla ya kuipenya. Ikishaingia tulia, sukuma mchi hadi mwisho, hesabu hadi tano, toa, halafu achia ngozi. Mchomo wote unachukua muda mfupi kuliko kusoma aya hii.

Sipaki spiriti. Huchoma kwenye kidonda kidogo, harufu yake paka huichukia, na daktari aliniambia haina faida ya maana kwenye manyoya. Simfungi taulo, simshiki na mtu. Yuko kwenye bakuli lake na mara nyingi hata masikio hayageuki. Kama wako anageuka kila mara, kwanza angalia kama dawa ni baridi sana. Shikilia bomba lililojaa kiganjani kwa dakika moja, bila kulifungua. Angalia pia kama unabana ngozi kwa nguvu. Mara nyingi paka analalamikia vidole, si sindano.

Ukitoa mkono, pitisha kidole pale ulipochoma. Pakiwa pamelowa, sindano imetoboa hema ikatokea upande wa pili, au imeishia kwenye manyoya. Insulini ina harufu yake kali kidogo, kama plasta ya kidonda, na ukiizoea pua inakwambia kabla ya kidole. Itakutokea. Imenitokea mara nyingi, hasa miezi ya baridi manyoya yanapokuwa mazito.

Na hapa ndipo nataka unisikie kuliko mahali pengine pote. Usichome tena. Hata kama una hakika kwamba dawa yote iko kwenye manyoya, huwezi kujua ni kiasi gani kiliingia, na dozi ya pili juu ya nusu ya kwanza inaweza kumzidi. Paka aliyekosa insulini kwa saa kumi na mbili atakunywa maji zaidi na kukojoa zaidi. Paka aliyepata mara mbili anaweza asifike jioni. Andika kwenye daftari "imemwagika", subiri saa moja jioni, toa dozi ya kawaida. Ndivyo ilivyo pia ukisahau, na ndivyo ilivyo mkiwa wawili nyumbani na kila mmoja anadhani labda mwenzake amechoma. Ndiyo maana daftari letu lina kalamu iliyofungwa kwa uzi: aliyechoma anaandika kabla ya kunawa mikono.

Asipokula

Shaba akila nusu ya chakula au zaidi, anapata dozi yake yote. Akikataa kabisa, sichomi kabla ya kumpigia daktari. Hayo ni maagizo yake yeye. Muulize wako mapema, siku paka yuko mzima, akuandikie: akila kidogo nifanye nini, asipokula nifanye nini, akitapika baada ya sindano nifanye nini. Saa moja asubuhi huku chakula kimeachwa si wakati wa kubahatisha.

Paka mwenye kisukari anayekataa chakula, anatapika, amelegea, na pumzi yake inanukia kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, ni wa hospitali siku hiyohiyo. Hizo ni ketoni. Mwili umeshindwa kutumia sukari na unachoma mafuta kupita kiasi, na hilo halitibiki nyumbani.

Sukari ikishuka

Mwezi wa nne wa sindano Shaba alikuwa ameanza kunenepa tena, anaruka hadi dirishani, miguu imesimama. Nilifurahi sana, na furaha ilinifumba macho. Mwili ulikuwa umeanza kuitikia na dozi ileile sasa ilikuwa kubwa kwake. Jioni moja, kabla ya sindano, nilimwita akaja polepole akiyumba, kichwa kinatikisika kidogo, macho meusi yamefunguka na hayanitazami. Alisimama mbele ya bakuli akanusa kana kwamba amesahau kazi yake. Nilipima sikioni: 2.6.

Chini ya 3.5 hivi, yaani 63 kwa mashine zinazosoma miligramu, mimi huichukulia kama dharura. Nilipaka asali kwenye kidole nikamsugulia kwenye ufizi, ndani ya mdomo wa juu, kidogo kidogo. Usimimine kitu cha majimaji mdomoni mwa paka aliyelegea, kitaingia mapafuni. Akiwa kwenye kifafa usiingize kidole katikati ya meno, mpake asali hata nje ya ufizi, kisha toka naye mbio. Shaba alizinduka baada ya dakika kama kumi, akala, na tulimpeleka kwa daktari vilevile, kwa sababu asali hupanda haraka na kuisha haraka huku insulini bado iko kazini. Sindano ya jioni ile haikutolewa. Daktari alipunguza dozi kesho yake.

Sasa kuna chupa ndogo ya asali jikoni, nyingine chumbani na nyingine kwenye kikapu cha kumbebea. Dalili za mwanzo ni ndogo: njaa ya ghafla, kujificha, kuwa mkimya kuliko kawaida, kuyumba. Ukiwa na mashaka na huna kipimo, mpe chakula na asali, kisha mpigie daktari. Sukari iliyopanda kwa saa mbili haiui.

Kupima nyumbani

Nilichelewa kuanza na najuta. Ukingo wa sikio la paka una mshipa mwembamba unaopita kwenye pembe. Napasha sikio moto kwa kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, naweka pamba nyuma yake, natoboa kwa kisindano kando ya mshipa, siyo katikati yake. Kitone cha ukubwa wa mbegu ya ufuta kinatosha. Nabana kwa pamba sekunde chache, na anapata kitu anachokipenda papo hapo. Siku ya tatu alikuwa anakuja mwenyewe akiona kisanduku.

Mashine za watu mara nyingi husoma chini ya ukweli kwa damu ya paka. Iliyotengenezwa kwa wanyama ni bora, lakini hata ya watu inafaa kama daktari anajua ni ipi na unatumia hiyohiyo kila siku. Kila dozi ilipobadilishwa nilipima kila baada ya saa mbili kuanzia asubuhi hadi jioni, nikachora mstari. Daktari alitaka kujua kilele, alitaka kujua bonde, na bonde linatokea saa ya ngapi. Namba moja ya asubuhi haiwezi kukwambia hayo, na ndiyo maana usibadilishe dozi mwenyewe kwa sababu ya namba moja iliyokuudhi. Siku hizi wengine hubandikwa kihisio kidogo mgongoni kinachosoma sukari mfululizo kwa siku kadhaa. Shaba alikivua kwa meno siku ya pili.

Hata bila mashine, pima maji. Najaza bakuli kwa jagi lenye alama asubuhi na kupima kilichobaki kesho yake. Paka anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya mwili kwa siku ana tatizo. Shaba alipokuwa na kilo 5.1 alikuwa anamaliza mililita 600. Leo anakunywa chini ya 200.

Chakula chake daktari alikibadilisha kikawa cha majimaji chenye protini nyingi na wanga kidogo. Fanya hilo ukiwa naye kwenye simu, kwa sababu wanga ukipungua sukari nayo hupungua, na dozi ya jana inakuwa kubwa.

Mwezi wa tano insulini ilisimamishwa. Hutokea kwa baadhi ya paka, hasa wanaodhibitiwa vizuri mapema: kongosho linapumzika, linarudi kazini. Shaba alikaa miezi tisa bila sindano. Kisha nikaona bakuli limekauka kabla ya jioni, sikusubiri miguu, na siku ya tatu tulikuwa tumerudi kwenye yuniti moja. Sasa ana miaka kumi na tatu.

Nikisafiri, mdogo wangu ndiye anayebaki naye. Kwenye mlango wa friji kuna karatasi, na ukimwachia mtu paka wako iandike na yako:

Dawa ya 40, mabomba ya 40. Yuniti 1, saa moja asubuhi na saa moja jioni, akiwa anakula. Kulia asubuhi, kushoto jioni. Ukichelewa zaidi ya saa mbili, nipigie. Ikimwagika, usirudie. Hujui kama umechoma, usichome. Hajala, usishike bomba, piga kwa daktari, namba iko chini. Anayumba, asali kwenye ufizi kwanza, simu baadaye. Andika kabla ya kunawa mikono. Na akimaliza kula hupenda kukunwa chini ya kidevu, upande wa kushoto.